Ducati, turudishieni ST

Jumamosi iliyopita niliingia shorumu moja na helmeti mkononi, nikamweleza kijana wa mauzo shida yangu bila kuzunguka: nataka pikipiki ya kwenda mbali siku nzima, inayolala kwenye kona kama ya mbio, mke wangu akae nyuma vizuri, mabegi mawili pembeni, na nikisimama miguu yangu yote miwili ikanyage chini. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akanipeleka moja kwa moja kwenye adivencha, zile pikipiki ndefu za lami na vumbi, kiti kiko juu huko, domo refu mbele, rimu ya mbele inchi 19. Nikamwambia siyo hii. Akasema, "Mzee, hizo unazotaka zilishakufa, hakuna anayezitaka siku hizi." Na mimi nimesimama mbele yake nazitaka.

Hilo neno limenikaa kooni wiki nzima. Kwa hiyo leo naongea na Ducati, kiwanda cha pikipiki cha Italia, maana hao ndio walionifundisha kuzipenda spoti turingi, pikipiki za safari ndefu zenye tabia ya mbio, zao wakiziita ST, na hao hao ndio waliozitupa mkono. ST2 ilitoka 1997, injini ya sisi 944, valvu mbili kwa silinda, hosipawa 83, pikipiki ya watu watulivu. Halafu wakafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unanijaa, wakachukua injini ya 916, ile ile ya pikipiki ambayo Carl Fogarty alibebea ubingwa wa dunia wa Superbike 1994 na 1995, wakaiweka kwenye mashine yenye kioo cha kuzuia upepo na nafasi ya mabegi wakaiita ST4. 2001 ikaja ST4S, injini ya 996, hosipawa 117, shokapu ya nyuma ya kampuni ya Öhlins. Baadaye ST3 yenye valvu tatu kwa kila silinda, mbili za kuingiza na moja ya kutoa, hiyo ndiyo yangu. 2007 wakafunga ukurasa.

Hebu fikirieni maana ya ST4. Ufundi wote ule wa mbio, desmo ya Fabio Taglioni inayofunga valvu kwa mkono wa chuma badala ya kungoja springi, kitu walichoanza nacho kwenye mashindano 1956, wakampa mtu wa kawaida anayekwenda kuwaona wazazi wake kilomita mia tano. Pikipiki ya mbio haiwezi kukupa hiyo zawadi. Panigale V4 ilipotoka 2018 ilikuwa na sisi 1,103 na hosipawa 214, nani kati yetu ana barabara ya kuzitumia? Mtu anaipeleka trak mara mbili kwa mwaka, siku zingine inakaa imefunikwa kitambaa. Pikipiki ya mbio imetengenezwa kwa dakika arobaini za mtu aliyelala juu ya tanki, uzito wote kwenye viganja, magoti yamekunjwa, na hapo iko sawa kabisa. Ila ile raha ya kuijua kona, kuichagulia mstari, kuachia breki taratibu huku mbele kunakaa kimya na mashine inazama yenyewe upande unaotaka, hiyo raha mimi naihitaji saa tatu asubuhi na bado naihitaji saa kumi jioni nikiwa nimechoka, na inayonipa hivyo ni spoti turingi peke yake. Mwili umeinama mbele kidogo tu, upepo unabeba kifua kwa hiyo mikono inapumzika, rimu za inchi 17 mbele na nyuma, tairi la mbele linaongea na viganja vyako. Kwenye adivencha umekaa wima kama uko kwenye kiti cha mezani, mbele kuna safari ndefu ya shokapu, tairi la mbele liko mbali, unaambiwa habari za lami na mtu wa tatu.

Najua mtakachosema. Multistrada, adivencha yenu. Sawa, nakubali, na sikubali kwa furaha. Ile ya 1200 ya mwaka 2010 ilikuwa na rimu za inchi 17 na hosipawa 150 na iliwaacha watu midomo wazi, na Multistrada V4 ya sasa ina rada mbele na nyuma za kuangalia magari mengine, injini yake haina hata desmo tena, imerudi kwenye springi ili valvu zikaguliwe kila kilomita 60,000 tu. Kwa msafiri hiyo ni neema, siwezi kubisha. Na biashara ni biashara, watu walihamia pikipiki ndefu na kiwanda kikawafuata. Lakini kuwafuata walio wengi hakulazimishi kuwaacha waliobaki. Wapo watu wafupi. Wapo wake zetu ambao kupanda kiti cha nyuma cha adivencha yenye mabegi kwao ni kama kupanda ukuta, wangu alijaribu pale shorumu, akashikilia bega langu kwa mikono miwili, akashuka bila kusema kitu na mimi nikajua jibu. Wapo waliokuwa vijana ile pikipiki ya 916 ilipotoka, wakaijaza picha yake ukutani, leo viganja vinauma na mgongo umeanza maneno lakini moyo haujahama hata nusu inchi. Hao ndio wateja waliowavumilia miaka yote. Mnawaambia wachague kati ya kuumia na kupanda ngazi?

Jamaa yangu mmoja alikuwa na ST2, na kuna kitu alinionyesha siku ya kwanza nikaelewa watu wa Bologna, kiwandani kwa Ducati, walikuwa wanawaza nini. Ekzosi zake zimefungwa kwa namna ya kuzungushwa, ukifunga mabegi unazishusha ziyapishe, ukiyatoa unazipandisha ili ulale zaidi kwenye kona bila kukwangua. Mtu aliyebuni hicho kitu alijua kwamba Ijumaa unasafiri na familia na Jumapili asubuhi unatoka peke yako. Mashine moja, maisha mawili. Nimekaa sana na hilo wazo.

Eti soko halipo? Kawasaki walichukua injini ya supachaja ya H2, pikipiki yao ya kasi, wakaitengenezea H2 SX ya safari 2018, karibu hosipawa 200, na mabegi unaweka. Suzuki walichukua injini yenye asili ya GSX-R1000 ya 2005, pikipiki yao ya mbio, wakaifanyia GSX-S1000GT ya safari. BMW wana RS, spoti turingi zao, miaka na miaka. Wote hao wana adivencha pia na hawajaona aibu.

Na Ducati wenyewe walikaribia kabisa. SuperSport ya 2017, injini ya 937, hendo zimeinuliwa, kioo cha mbele unapandisha na kushusha, mabegi laini unaongeza ukitaka. Niliiendesha nusu siku na nilirudi nimenyamaza, niliipenda. Ila tanki lita 16 na kiti cha nyuma kifupi, ni pikipiki ya mmoja na robo. Kilichobaki hapo ni kidogo mno. Fremu ya nyuma irefushwe na iimarishwe, tanki lifike lita 20, mabegi magumu, kiti cha abiria cha mtu mzima. Injini mnazo, rada mnayo, mafundi mnao, hakuna hata kimoja cha kuvumbua upya. Itengenezeni chache kwa mwaka, tutapanga foleni, mimi nitakuwa wa kwanza.

Pale shorumu niliagana na yule kijana vizuri, hana kosa, anauza alicholetewa. Niliporudi nyumbani nikavua bodi ya ST3 nikakagua mikanda ya taimingi, muda wake umefika. Nimeshaagiza mipya. Mke wangu ameuliza safari ya mwezi ujao bado ipo, nimemwambia ipo.