Sikwenda Kuvuruga Posa, Nilikuwa Nang'oa Maua

Kwa wale mlioona stetasi ya yule jamaa yangu wa bodaboda, ile aliyoandika "Mwamba kaingia kwenye posa ya watu, maua mkononi, analia kama kafiwa", naomba kwanza mshushe pumzi. Maua yalikuwepo. Machozi yalikuwepo. Posa ilikuwepo. Mapenzi hayakuwepo hata chembe. Natoa taarifa rasmi nikiwa na jicho moja na nusu, kwa hiyo herufi zikipishana mnivumilie.

Bibi mwenye nyumba wangu hapa Nzuguni mnamjua, nimeshamwandika sana. Yule anayeniita "mume wangu" mbele ya wapangaji wote na kodi anadai palepale. Bibi ana maua yake ya siku nyingi pembeni ya nyumba, yenye majani marefu membamba yaliyochongoka, na ua lenyewe jeupe lenye doa la njano na zambarau kwa mbali. Nilimweleza kwamba yale ni airisi za Kiafrika, ukoo mmoja na zile airisi za Ulaya, ila haya ni ya kwetu, yanaota porini mashariki na kusini mwa Afrika, ndiyo maana jua la Dodoma hayaliogopi. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye anayaita maua.

Sasa yalikuwa yamegoma. Ua moja la aina ile likichanua asubuhi, jioni limeshanyauka, lakini kijiti kikiachwa bila kukatwa kinatoa mengine na mengine. Kwa Bibi vijiti vilibaki vitupu. Kichaka kimebanana, katikati kimekuwa makapi, uhai umebaki pembeni tu. Dawa yake inajulikana: unang'oa kichaka kizima, unakung'uta udongo, unakata shina la chini vipande, kila kipande na majani yake na mizizi yake, yale makapi ya katikati unatupa, majani unayapunguza nusu ili yasinyonye maji kuliko mizizi inavyoweza, halafu unapanda kina kilekile, kwa nafasi, tuta jipya. Haya yote nilimwambia Bibi kwa sauti ya bwana shamba. Tuta nilishaliandaa karibu na geti, samadi ya mbuzi nimechanganya, na mvua za kwanza zimeshapiga. Ukikaa Dodoma unajua, mvua ni Desemba mpaka Aprili hivi, ukizembea hapo utamwagilia kwa dumu mpaka mgongo uombe likizo. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi ile au basi.

Jiografia ya tukio naomba muishike. Kichaka cha maua. Nyuma yangu mimi, hatua chache, ua wa minyaa. Nyuma ya minyaa, kwa jirani. (Mlioko pwani ambao hamjaizoea: mnyaa ni ule mti wa vijiti vya kijani, majani hauna, ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Ule utomvu usikuguse jicho. Rudieni hiyo sentensi.)

Kwa jirani tangu asubuhi palikuwa na turubai, viti vya plastiki na harufu ya pilau. Nikajua ni jumuiya. Sikuuliza, mimi nina chepe mkononi, pilau ya watu inanihusu nini.

Udongo wa hapa ni mnafiki. Juu umelowa, laini, unakukaribisha. Shubiri moja chini ni saruji. Nikachimba kuzunguka, nikaingiza mtarimbo, nikatikisa, kichaka kikacheza kidogo kikatulia. Jamaa yangu wa bodaboda alikuwa ameegesha pikipiki, amekaa juu ya ndoo anakula karanga. Huyu ndiye shahidi mnayemwamini, nyie. Msaada wake wote ulikuwa neno moja: "Vuta!"

Nikatupa mtarimbo. Nikachuchumaa, nikakikumbatia kichaka kwa mikono miwili, shavu langu kwenye majani, nikakaza miguu, nikavuta. Hakuna. Nikavuta tena. Chini nikasikia mizizi inakatika, moja, nyingine, na moyo ukanidanganya kwamba bado ipo mingi. "Vuta!" Nikavuta kwa nguvu zote nilizonazo na nyingine ambazo naamini zilikuwa za kesho yake.

Ikaachia yote kwa pamoja.

Naomba tusiharakishe hapa. Hatua ya kwanza ya kurudi nyuma niliikanyaga vizuri tu. Ya pili nikakanyaga mtarimbo ambao niliutupa mwenyewe, ukabingirika. Kuanzia hapo miguu ilikuwa inafuata, haiongozi. Nikamwona jamaa yangu anasimama juu ya ndoo, karanga mdomoni, macho yanakua. Nikasikia mgongoni ta, ta, ta, ta, minyaa inavunjika. Minyaa haikuzuii, nyie! Inavunjika tu kwa heshima na kukupitisha. Kitu cha baridi kikanirukia usoni, matone matone. Fulana ikabaki kwenye ua. Mimi nikaendelea, na kichaka bado nimekikumbatia, kwa sababu akili iliniambia nikikiachia nitaumia.

Nikatua kwa makalio. Tonge la udongo lililokuwa kwenye mizizi likaruka, nikalisikia likitua mahali penye sauti ya sinia.

Kimya.

Nikafungua macho. Nikaona viatu. Viatu vingi, vimepigwa rangi, vya watu wazima. Nikapandisha macho: suruali zilizonyooshwa, makoti, kofia ya mzee mmoja, mama mmoja wa kitenge kipya ameshika mdomo. Katikati meza, juu ya meza sinia lenye kitambaa cheupe, juu ya kitambaa bahasha, juu ya bahasha udongo wa Bibi. Kijana mmoja wa suti, jasho linamtoka, ananitazama kwa chuki ambayo bado hajaijua sababu yake.

Na hapo ndipo utomvu ulipoingia machoni.

Sijawahi kuungua vile. Machozi hayakuuliza, yalimwagika. Jaribuni kuiona picha kutoka upande wao: familia imesafiri kutoka Singida kuleta barua, mshenga ameanza tu kusafisha koo, mara ua unapasuka na anatokea mwanaume kifua wazi, amekumbatia maua mengi kuliko anayoweza kubeba, anabubujikwa na machozi.

Yule mzee wa kofia ndiye aliyepata maneno kwanza. Kwa upole kabisa akasema, "Karibu, kijana. Na wewe una barua?"

Nikataka kusema hapana mzee shikamoo samahani. Kikatoka kilio tu.

Binti mwenyewe akachungulia kutoka ndani. "Kaka! Umefanya nini?" Shangazi mtu akageuka kama askari: "Kumbe mnafahamiana?" Na mimi, wadau, macho yanawaka, akili imebaki upande wa pili wa ua, nikajibu kwa uaminifu: "Ndiyo, shangazi. Huwa natuma hela kwake."

Ana kibanda cha wakala pale stendi ndogo! Kila mtu wa mtaa huu anatuma hela kwake! Lakini Singida hawana habari hiyo. Nikasikia viti vya plastiki vikisogea. Kijana wa suti alisimama, akakalishwa, akasimama. Baba wa binti akaanza kuita jina la Mungu polepole. Shangazi akauliza, "Kiasi gani?" na mtu mmoja nyuma akacheka, nadhani alikuwa mpishi.

Aliyeniokoa ni Bibi. Alipita palepale nilipopasua, fimbo mbele, akasalimia "Mbukwenyi!", akasubiri aitikiwe vizuri, maana Bibi haruki salamu hata nyumba ikiungua. Kisha akaninyooshea fimbo. "Huyo ni mume wangu. Anayemtaka aje aongee na mimi. Na hayo maua ni yangu, alikuwa anayahamisha. Mleteeni maji, minyaa imemwingia machoni."

Mzee wa kofia akacheka mpaka kofia ikaanguka. Mengine yalikwenda haraka: nikamwagiwa maji usoni madumu kwa madumu, zahanati wakaendelea kumwaga na kunipa matone, bahasha ikapanguswa ikasomwa, posa ikapita, ng'ombe wakatajwa, pilau nililetewa kwenye bakuli nikala nimefumba macho. Maua Bibi aliyagawa na kuyapanda mwenyewe jioni ile, akinisimulia kila kipande kwa sauti ili nijifunze. Majani yamelala kidogo kwenye ncha, ila yanasimama.

Na binti hana kinyongo. Kamati ya harusi imeshaundwa, na kwa pendekezo la mzee wa kofia mimi nimepangiwa mapambo, kitengo cha maua. Kadi ya mchango ilikuja jana nikiwa bado sioni vizuri, Bibi akanisomea, akachukua kalamu, akanijazia ahadi: laki moja na nusu. Nimemuuliza kwa nini nyingi hivyo, ananiambia mume wake hawezi kuonekana bahili mbele ya Singida.

Yule wa bodaboda amejaziwa elfu kumi. Mwenye ya kunikopesha aje inboksi, kodi nayo ni tarehe tano.