Mstari Tunaouruka Kabla ya Yeremia 29:11

Sijui nimetumiwa Yeremia 29:11 mara ngapi. Umekuja kwa simu, umekuja kwenye kadi, na dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliniletea ukiwa umechapwa kwenye kikombe. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mimi na mume wangu tuna miaka tisa ya ndoa na hatujapata mtoto. Wanaotupenda wakikosa la kusema, hutupa mstari huo. Siwalaumu. Hata mimi nikikaa na mtu aliyeachishwa kazi, ulimi hukimbilia hukohuko.

Mwaka jana nilikaa nikaisoma sura nzima polepole. Ndipo nilipokutana na mstari wa 10, ambao hakuna aliyewahi kunitumia. Miaka sabini.

Sura ile ina barua ya nabii Yeremia kwa watu waliotolewa Yerusalemu wakapelekwa mateka Babeli: miaka sabini ipite kwanza, ndipo Bwana atawarudisha kwao. Piga hesabu kidogo. Mtu aliyekuwa na miaka hamsini siku barua iliposomwa alijua hapohapo kwamba atazikwa ugenini. Pengine na mwanawe pia. Halafu, baada ya kuambiwa hivyo, ndipo anasomewa kuhusu mawazo ya amani. Sisi tumeukata mstari ule tukaubandika ukutani, na miaka sabini tukaiacha kwenye kitabu.

Sura moja kabla yake kuna nabii mwingine, Hanania, mwenye ujumbe mtamu zaidi. Alisimama katika nyumba ya Bwana, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza miaka miwili tu: vyombo vya hekalu vitarudi, mateka watarudi. Akaivua nira ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kutumikishwa na Babeli, akaivunja. Ningekuwepo siku hiyo ningepiga vigelegele. Kinachonigusa ni kwamba Yeremia, aliyejua ukweli, alianza kumjibu kwa neno "Amina." Alitamani Bwana afanye vivyo hivyo. Hakuwa mtu wa kufurahia habari mbaya. Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba, na mateka wakabaki Babeli.

Akina Hanania hawajaisha. Mhubiri mgeni aliwahi kuniwekea mikono mbele ya kanisa zima akaniambia kwamba mwakani, wakati kama huu, nitakuwa nimepakata mtoto. Nikaitikia amina kwa sauti. Mwakani ikafika, ikapita. Yeye hakurudi kuuliza. Niliyebaki na ile tarehe ni mimi, nikijichunguza usiku imani yangu ilivujia wapi. Kwa maoni yangu, kumpangia mwenzako tarehe ambayo Mungu hakuisema ni ukatili, hata kama umefunga siku arobaini.

Na ule msemo wetu mwingine, "wakati wa Mungu ndio bora"? Naukubali. Nimeuamini tangu nikiwa msichana. Ila tunautumia kama mfuniko: mwenzako akianza tu kufungua moyo, unafunika. Daudi hakufunikwa. Zaburi ya 13 anauliza "hata lini" mara nne ndani ya mistari miwili, na maswali yake yakaachwa kwenye Biblia, tena kwenye kitabu cha kuimbia. Anayemuuliza Mungu "hata lini" bado anazungumza naye. Mimi huogopa zaidi yule aliyenyamaza.

Tunasema pia mvumilivu hula mbivu. Waebrania 11 inakataa kuahidi hivyo. Imewataja watu waliosifiwa kwa imani yao, kisha inasema hawakuipata ile ahadi. Waliiona kwa mbali, wakaishangilia, wakafa. Hata kwa Ibrahimu, aliyepata, tunasoma haraka mno. Sura ya 16 ya Mwanzo inaisha akiwa na miaka 86, Ishmaeli amezaliwa. Sura ya 17 inaanza ana miaka 99. Kwetu ni kushuka mstari mmoja. Kwake ilikuwa miaka kumi na mitatu ya kuamka, kulisha mifugo na kulala, na hatuambiwi kama Mungu alisema naye neno lolote.

Sasa miaka kama hiyo mtu anaiishije? Hapo ndipo nilirudi kwenye barua, juu zaidi, mstari wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Wanaambiwa waoe, waoze, wauombee amani mji uliowameza. Mstari huo ulinikera. Nilikuwa nimezoea kuishi kama abiria, mzigo mkononi, sikai sawasawa popote.

Nyumbani kwetu kuna chumba tulichokuwa tumekifunga. Kilikuwa cha mtoto. Mapazia tuliyanunua mwaka wa pili wa ndoa na yalikuwa bado kwenye nailoni, na kwa miaka saba nilikuwa naingia humo kufagia tu, mlango nikiurudishia haraka kama ninayeiba. Nilipomwambia mume wangu nataka tukifungue, alikaa kimya, halafu akaenda kutafuta nyundo ya kupigilia misumari ya mapazia.

Tukaweka meza na viti vitatu. Jumamosi wanakuja mabinti wawili wa shule ya Jumapili ninaowasaidia hesabu, na mmoja wao hunywea chai kwenye kile kikombe bila kukisoma. Siku nyingine nakaa peke yangu kuandika, kama sasa. Maombi sijaacha. Wiki iliyopita niliomba kwa hasira hadi mume wangu akaja kuchungulia. Sanduku la nguo ndogo sikuligawa. Liko chini ya meza hii, na nikinyoosha miguu naligusa.