Barua ya Shule na Daftari la Mwenye Duka

Kila ikikaribia tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, akina mama watatu wanne wa kamati ya wazazi huingia Usita wa Mui, barabara kuu ya maduka ya mji wetu wa Lamu, Kenya, na bahasha za kaki mkononi. Ndani mna barua yenye muhuri wa shule: tunaomba mchango wako, pesa au bidhaa, tuwape walimu na wafanyakazi wetu zawadi ya shukrani. Huenda duka kwa duka, kutoka Langoni hadi Mkomani. Anayetoa, jina lake husomwa siku ya hafla. Asiyetoa haambiwi kitu, ila jioni barazani utasikia mtu akisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mimi nimekulia nyuma ya kaunta ya mjomba wangu huko Langoni, kwa hiyo sijifanyi hakimu asiye na upande. Methali hiyo naijua, na nadhani imetungwa kwa ajili ya mtoaji, ajipime mwenyewe moyoni. Siku hizi imekuwa fimbo ya mwombaji.

Lakini haki ya akina mama kwanza. Hawaombi kwa uroho. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma, na fedha hizo zina vifungu vyake. Kifungu cha asante hakimo. Tume ya Huduma kwa Walimu hulipa walimu iliowaajiri yenyewe. Mwalimu wa bodi, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, mpishi, mlinzi wa usiku, hao mara nyingi hutegemea mifuko ya wazazi, na mifuko hiyo tunaijua. Tena yupo mwalimu wa kutoka bara, aliyeshuka gatini na sanduku moja, hana jamaa hapa wala hajazoea joto letu. Huyo akiona mji unamjali, huenda asikimbilie kuomba uhamisho. Si jambo dogo hilo katika kaunti yetu. Waulizeni watu wa Basuba: baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 shule zao zilikaa zimefungwa kwa miaka kwa kukosa walimu. Anayecheka zawadi ya leso moja na chupa ya chai hajawahi kuishi mahali ambapo kengele ya shule hailii.

Na desturi yenyewe si ngeni. Mtoto akihitimu chuoni, yaani madrasa, mwalimu hupelekewa kanzu na sinia ya chakula. Wengine huitaja kanzu hiyo kama hoja ya kumaliza mjadala. Mimi naona inawageukia. Kanzu ile ilitoka nyumbani kwa mtoto. Baba yake aliinunua, hata kama kwa kukopa, na mwalimu alijua imetoka kwa nani. Hakuna aliyepita madukani na barua.

Sasa njooni dukani, tupige hesabu. Tuseme shule ina wafanyakazi 24, na kila mmoja apewe kitu cha shilingi 1,000. Hizo ni 24,000. Zikigawanywa kwa maduka 12, kila duka litoe 2,000. Mtu akisikia 2,000 husema, ah, mwenye duka mzima huyo! Haya, tuseme kilo ya sukari inamwachia faida ya shilingi 10. Ili apate 2,000 lazima auze kilo 200, yaani magunia manne ya kilo 50. Magunia hayo yametoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, yakateremshwa, yakavushwa kwa mashua, yakapandishwa gatini, kisha yakaingia vichochoroni kwa hamali au juu ya punda. Kila mkono uliogusa gunia umelipwa. Magunia manne yanauzwa robo kwa robo, nusu kwa nusu, kwa watoto wanaotumwa na sarafu mkononi. Ni siku ngapi za kusimama hizo? Na barua ya walimu haiji peke yake. Kuna ya Maulidi, ya timu ya mpira, ya harusi, ya mgonjwa anayepelekwa Mombasa. Mjomba alikuwa akizibana zote chini ya jiwe la mizani la kilo mbili, na kuna mwezi jiwe lilikuwa halikai sawa.

Lakini hata hesabu hiyo si kitu mbele ya daftari. Kila duka la mtaa lina daftari la mkopo, na la mjomba lilikuwa la gamba jeusi, limefungwa kwa mpira. Mwalimu wa bodi yumo. Mpishi wa shule yumo, kurasa mbili: unga, mafuta, sabuni, unga, majani ya chai, unga. Wazazi wakichelewa kulipa shule, shule huchelewa kumlipa mpishi, na mpishi humchelewesha mjomba. Kwa hiyo mwezi wa pili na wa tatu wa kuchelewa huko, anayemlisha mpishi wa shule ni mwenye duka, bila riba, bila hafla, bila jina kusomwa. Halafu anakuja mama mmoja wa kamati, ambaye naye yumo ukurasa wa kumi na nne, anamwambia kwa adabu zote, “Shikamoo baba, tunaomba uwakumbuke walimu wetu.” Mjomba huitikia marahaba, huisoma barua mpaka mwisho, huigeuza nyuma kama kwamba kuna zaidi. Hawezi kusema, mbona nawakumbuka kila siku. Akisema hivyo atakuwa ametangaza deni la mtu.

Wenye nyumba kubwa za Shela, ambao wengine wako Ulaya nusu ya mwaka, barua hizi haziwafikii. Si kwamba wamekataa, hawaonekani tu. Huombwa anayeonekana.

Na huo muhuri nao una lake. Mwalimu wa umma ni afisa wa umma, na sheria ya maadili ya mwaka 2003 ilikataza afisa kutumia cheo chake kuchangisha harambee au kuomba zawadi kwa mtu ambaye kazi ya afisa huyo inaweza kumgusa. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025 ndiyo iliyochukua nafasi yake. Barua ikitoka ofisini kwa mwalimu mkuu ikamfikia muuzaji anayeiuzia shule maharage, atakataaje? Na mwenye duka ambaye mwanawe yuko darasa la nne, majina yakisomwa mbele ya watoto, mwanawe atasikiliza kwa sikio gani?

Simwambii mtu aache kuwashukuru walimu. Mwaka huu kamati ikitaka kuandika tena, waandike wazazi kwa jina lao, bila muhuri, waombe baada ya wao wenyewe kutoa, na wakubali kitu chochote, hata pakiti ya majani. Majina yasisomwe. Na kabla ya kubeba bahasha kwenda dukani, wapite jikoni kwanza wamuulize mpishi anadaiwa wapi.