Ruzuku, korosho na miezi ya njaa Kusini

Minada ya korosho inapofunguliwa Oktoba, fedha huingia vijijini Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa kwa wingi usioonekana miezi mingine. Ikifika Machi, katika vijiji hivyohivyo kuna watoto wanaokaa darasani asubuhi hadi mchana bila kutia kitu mdomoni. Ndiyo maana mjadala wa namna serikali inavyopambana na umaskini wa watoto una sura yake huku Mtwara na Lindi. Wengine wanataka kaya maskini ziongezewe ruzuku ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Wengine wanasema mpe mkulima bei nzuri na pembejeo, watoto wake atawalisha mwenyewe. Naona pande zote mbili zinahesabu shilingi na kusahau miezi.

Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao awamu yake ya pili ilizinduliwa Februari 2020, uliwekewa utaratibu wa kulipa kaya kila baada ya miezi miwili. Sehemu ya malipo ina masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Katika awamu ya kwanza kaya haikuweza kupata zaidi ya shilingi 38,000 kwa mwezi. Wapo wanaokibeza kiasi hicho. Lakini majaribio ya mwanzo ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yalipofanyiwa tathmini, ilionekana kaya zilizolipwa ziliwanunulia watoto viatu, zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii na ziliongeza mifugo midogo. Kwa mtoto wa darasa la pili, hayo si mambo madogo hata kidogo.

Wakosoaji nao wana hoja. Majina huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji, kisha dodoso hupima nyumba na mali za kaya. Huku kwetu bati juu ya nyumba laweza kuwa limetokana na msimu mmoja mzuri wa miaka iliyopita, na chini ya bati hilo akaishi bibi anayelea wajukuu wanne kwa kibarua cha kupalilia mashamba ya watu. Masharti yenyewe humbana mzazi peke yake. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa shida ya miaka mingi, mtoto anaweza kukosa shule kwa sababu ametumwa bondeni na ndoo, na anayekatwa fedha ni mama yake. Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF ya mwaka 2016 ilieleza kwamba asilimia 29 ya watoto wa Tanzania waliishi katika kaya zilizo chini ya mstari wa umaskini wa kipato, lakini asilimia 74 walikuwa maskini ukihesabu pia maji, afya, elimu, makazi na lishe. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na ruzuku ya mkononi.

Upande wa bei nao una ukweli wake. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka korosho ghalani kwa risiti hadi ziuzwe kwa mnada, iliyoanza Mtwara msimu wa 2007/08, ilimtoa mkulima kwenye mizani ya mnunuzi wa mlangoni na kumpeleka mnadani kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na vyama vikuu kama TANECU, MAMCU na RUNALI. Lakini bei nzuri haimfikii asiye na mkorosho. Hata kwa mwenye mikorosho, tarehe ya malipo ina uzito sawa na bei. Mwaka 2018 serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei ya kumridhisha yeyote, ila wakulima wengi walisubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata, na shule zilifunguliwa Januari kama kawaida.

Hapa ndipo kangomba, mnunuzi wa magendo anayenunua korosho nje ya mnada, anapopata riziki. Kaya iliyoishiwa unga, au yenye mtoto mgonjwa, huuza korosho zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali imekuwa ikiwasaka wanunuzi hao, na ni haki, maana wanakula jasho la watu. Lakini kumkamata kangomba hakumpi mama unga wa usiku huo. Ruzuku ndogo ikifika kwa wakati yaweza kuokoa magunia ambayo yangelipwa bei kamili mnadani. Kwa hiyo ruzuku na bei hazishindani: ya kwanza hulinda ya pili. Malipo yakichelewa hadi msimu wa minada, kaya inakuwa imeshauza.

Ningependa TASAF iyaongeze zaidi malipo ya Februari hadi Aprili katika mikoa hii, kabla ya mavuno ya chakula, hata kama jumla ya mwaka haitabadilika. Chakula cha shuleni nacho kitoke kwenye hiari. Elimu bila malipo, iliyoanza Januari 2016, iliondoa ada, lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huohuo uliuacha mlo mikononi mwa mzazi. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka hainunui uji.

Wapo wanaopendekeza makato mapya kwa kila kilo ya korosho kwa ajili ya uji huo. Wakulima watakataa, nami nawaunga mkono: tayari wanakatwa kwenye ghala, usafirishaji na vyama. Afadhali itengwe sehemu ya ushuru wa mazao ambao halmashauri hutoza tayari, usiozidi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Halmashauri zitajibu kwamba ushuru huo ndio unaojenga madarasa na zahanati, na ni kweli, baadhi ya majengo yatachelewa. Nakubali yachelewe. Kiasi kitakachotengwa kisomwe kwenye mkutano wa kijiji Januari, fedha za korosho zikiwa bado zipo, ili kamati ya shule inunue mahindi kabla hayajapanda bei.