Theluji ya Istanbul ina bei yake: ihesabu ukiwa bado Kampala

Lira ya Uturuki inapoporomoka, Kikuubo na Kiyembe, mitaa ya wafanyabiashara ya Kampala, huwa na wimbo mmoja: twendeni Istanbul, nguo zimekuwa rahisi. Kwa safari ya Januari, naona huo ni ushauri wa kumfilisi mtu.

Tazama ilivyokuwa msimu wa 2021 kuingia 2022. Tarehe 20 Desemba dola moja ilivuka lira 18. Serikali ikatangaza mpango wa kulinda amana za lira, na baada ya siku chache tu dola ikawa chini ya lira 12. Mzigo wa lira 1,800 uliokuwa dola 100 ukawa dola 150, na bei ya dukani haijaguswa. Kwa hiyo mkipatana kwa lira, lipa siku hiyohiyo, na ubadilishe dola za malipo ya siku hiyo tu. Tena Laleli, mtaa wanaoujua zaidi wanunuzi wetu, bei ya jumla hutajwa kwa dola tangu zamani. Hapo kuanguka kwa lira hakukupi punguzo lolote usipolidai mwenyewe.

Kisha ikaja theluji. Tarehe 24 Januari 2022 uwanja wa ndege wa Istanbul ulifungwa, paa la ghala moja la mizigo likaporomoka, na abiria wakalala sakafuni. Hata uwanja ukiwa wazi, ndege lazima inyunyiziwe dawa ya moto ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa. Dawa hiyo ina muda wake. Foleni ya kuruka ikiwa ndefu muda huo ukapita, ndege hurudi kunyunyiziwa upya. Wakati huo saa za kazi za rubani nazo zinakwisha, na safari iliyocheleweshwa inageuka kuwa safari iliyofutwa.

Theluji haikupi fidia ya fedha, kwa kuwa si kosa la shirika. Lakini chakula, hoteli na kupangiwa ndege nyingine bado ni haki yako, Uturuki na Umoja wa Ulaya pia. Vidai pale kaunta, na ukijilipia mwenyewe, tunza risiti. Kinachowaumiza wengi ni kununua tiketi mbili tofauti ili kuokoa dola chache: ya kwanza ikichelewa, ya pili inapotea na hakuna wa kumdai. Nunua tiketi moja hadi Entebbe, na viza iwe na siku za ziada.

Tenga akiba ya siku tatu, si chini ya dola 300, katika bahasha ambayo pesa ya mzigo haiigusi. Beba noti mpya za dola 100. Za matoleo ya zamani hukatwa bei au hukataliwa kabisa, hata Kampala. Na kama mtaji ni wa mkopo, tarehe ya kwanza ya marejesho isikae wiki ileile ya kurudi. Hilo ndilo ningelisisitiza kuliko koti.

Mzigo wa ndege una hesabu yake. Jaketi nene ni nyepesi lakini zinakula nafasi, na wakala hutoza uzito au ujazo, chochote kilicho kikubwa: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Robota la 60 kwa 50 kwa 50 linatozwa kilo 25 hata likiwa na kilo 15 kwenye mizani. Libane kabisa kabla ya kulipima. Halafu kumbuka kwamba URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hutangaza viwango vya kubadilisha fedha vya forodha kila mwezi. Mzigo uliokwama kwa theluji hadi Februari unakokotolewa kwa kiwango cha Februari. Shilingi ikiwa imeteleza, ushuru umepanda ukiwa bado njiani.

Koti lipo soko la Owino hapa Kampala, la mtumba lililo zuri. Viatu viwe na soli yenye meno na nafasi ya soksi mbili. Simu ikae mfuko wa ndani, maana baridi huimaliza betri upesi. Dawa na chaja viwe kwenye begi la mkononi.

Kabla ya kushika barabara ya Entebbe, angalia kama ndege inayotoka Istanbul imeruka. Kwa kawaida ndiyo hiyo itakayokubeba, na kama bado iko chini ya theluji, kaa nyumbani upige simu kwa wakala wa tiketi.