Fuwele inayopumua haitoshi kupigwa picha moja

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025 ilipokwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, karibu kila habari niliyosoma ilirudia sifa ileile ya kilichowapa tuzo, yaani MOF, fuwele zenye matundu zilizojengwa kwa vifundo vya metali vilivyounganishwa na molekuli za kaboni: gramu chache zake zina eneo la ndani kama uwanja wa mpira. Sawa. Mimi ukubwa wa nyumba haunishtui. Kinachonishtua ni kuta zinazotembea.

Shuleni fuwele ilikuwa chumvi ya mezani: ngumu, imepangika, haitikisiki. Sasa chukua katoni tupu, fungua juu na chini, ilaze ubavu, isukume kona kwa kidole. Inalala yote na hakuna pembe inayochanika. MIL-53, MOF iliyo kazi ya kundi la Gérard Férey kule Versailles mwaka 2002, hujikunja vivyo hivyo, vifundo vyake vikiwa vya kromi. Ikiwa kavu, matundu yake yako wazi. Ukiipa maji ungetarajia ivimbe kama maharage yaliyolowekwa, kumbe inanywea! Karibu theluthi ya ujazo inapotea, maana molekuli za maji hushika kuta za pande zote na kuzivuta zikaribiane. Ipashe moto maji yatoke, inafunguka tena.

Ukiipiga eksirei ikiwa kavu, kisha ikiwa imelowa, umepata picha mbili za kweli na hujui lolote la katikati. Na mambo yako katikati. Mwaka 2016 watafiti wa Dresden waliripoti kituko cha MOF nyingine, DUT-49: kwenye baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, wakiongeza shinikizo la methani, fuwele ghafla ikatema gesi iliyokwisha kuimeza. Mimi ningelaumu vali inayovuja, nikaenda kunywa chai. Wao waliimulika kwa eksirei za BESSY II, Berlin, ambayo ni sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei kali sana, huku gesi ikiendelea kuingia, wakaifumania: ilikuwa imejikunja, zaidi ya nusu ya ujazo imekwenda, na gesi imefinywa nje.

Jordan kuna sinkrotroni, SESAME, inayomilikiwa kwa ushirika wa nchi kadhaa. Katika ardhi ya Afrika nzima hakuna hata moja. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaweza kupika MOF kwa chumvi ya metali, asidi na oveni. Kuiona ikipumua, lazima aombe zamu ya mashine ya watu, na viza juu yake.