Altrasaundi ya bure, nauli ya boti

Kambi ya upimaji ikipigwa Chake Chake, Pemba, wengi kwenye foleni ya altrasaundi hawaumwi, wamekuja kujua hali tu. Kwa maoni yangu, ile bure inaishia pale unapofutwa jeli tumboni.

Tuchukue figo. Mtu wa miaka 60 si ajabu kukutwa na uvimbe wa maji. Ukionekana kwenye picha mweusi mtupu ndani, ukuta mwembamba uliosawazika, na nyuma yake pameng'aa, basi haukatwi, hautobolewi, wala haurudiwi kupimwa. Lakini ripoti ikisema tu "uvimbe figo ya kulia, sm 3, siti skani inashauriwa", ukoo mzima unasikia saratani. Karafuu zinauzwa kabla ya bei kutulia, inatafutwa nauli ya boti ya Unguja, pengine na ya Dar, tena kwa watu wawili, maana mgonjwa hasafiri peke yake. Mgonjwa gani, hata hivyo?

Siti skani ya tumbo ina mionzi ya milisiveti 8 hadi 10, sawa na anayoipata mtu kutoka kwenye mazingira kwa miaka 3 au 4. Nayo hushika ncha za chini za mapafu. Hapo kinaonekana kinundu cha mm 4, na safari inaanza upya, wakati kinundu kigumu cha chini ya mm 6 kwa asiyevuta sigara wala kuwa na hatari nyingine hakifuatiliwi.

Korea Kusini ilishapita huko. Upimaji wa saratani wa kitaifa ulipoanza 1999, hospitali ziliongeza altrasaundi ya tezi ya shingo kwa ada ndogo. Kufikia 2011 waliogunduliwa saratani ya tezi hiyo walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Vifo havikupungua. Waliokatwa tezi wamebaki na vidonge vya maisha, na baadhi yao sauti zimeharibika.

Presha, sukari, na mlango wa kizazi kwa wanawake wa miaka 30 hadi 49, pimeni. Anayekojoa damu asingoje kambi, aende hospitali leo.

Kwa wenzetu wanaoandika ripoti: andikeni ukubwa, kilichomo ndani, ukuta ulivyo, na pale inapostahiki, "hakuna ufuatiliaji unaohitajika". Maneno matatu hayo yanaokoa nauli. Nawe mwenye filamu ya zamani ya siti skani usiitupe. Kinundu kigumu cha pafu ambacho hakijakua kwa miaka 2 kwa kawaida huachwa, na cha kulinganishia ni ile filamu iliyolaliwa chini ya godoro.